Kustaafu huku Kusini: hela imepungua, siku zimerefuka

Mimi ni afisa utumishi hapa Mtwara, na sa hivi sehemu kubwa ya kazi yangu ni kukaa na watumishi waliobakiza mwaka mmoja miwili, wengi walimu na manesi, wa mjini hapa mpaka Nanyamba na Tandahimba huko. Swali la kwanza huwa lilelile, "afisa, nitapata shingapi?", na hapo anamaanisha kiinua mgongo, ile hela ya mkupuo anayopewa siku akistaafu. Pensheni ya kila mwezi haiulizii, wakati hiyo ndo atakula nayo miaka yote iliyobaki.

Tupige hesabu basi. Kikokotoo, yani ile fomula ya kupigia mafao ya watumishi, kinachukua miezi uliyochangia, kinagawa kwa 580, alafu kinazidisha na wastani wa mshahara wako wa mwaka, ile miaka mitatu iliyo mizuri ndani ya kumi ya mwisho. Chukua mwalimu mwenye wastani wa milioni moja kwa mwezi, kachangia miaka 30, yani miezi 360. Pensheni yake ya mwaka inakuja kama milioni 7.45. Mkupuo ni asilimia 40 ya hiyo mara 12.5 (ilikuwa 33, ikatangazwa kupanda 2024, na wapo wanaopewa 35, inategemea ulikuwa mfuko gani wa pensheni kabla mifuko haijaunganishwa 2018), kwa hiyo anashika kama milioni 37.2. Asilimia 60 iliyobaki gawa kwa miezi 12, unapata kama 372,000 kwa mwezi.

Mtu alikuwa anabeba kama laki nane baada ya makato, sasa anabeba laki tatu na sabini. Na hapo bado hatujagusa posho! Maana kikokotoo kinaangalia mshahara tu, zile za kusimamia mitihani, za semina, za safari, hazimo, na kuna watu ukikaa nao vizuri wanakwambia ada za watoto zilikuwa zinatoka hukohuko kwenye posho, mshahara ulikuwa wa mikopo.

Sasa nije kwenye kitu ambacho naona hakisemwi, watu wanadhani hela ndo tatizo na muda ni zawadi, ila muda nao unakula hela. Ulipokuwa kazini ulikuwa na udhuru. Harusi ya Ndanda? Nipo kazini, chukueni elfu kumi. Ukistaafu udhuru umekufa, unatakiwa uende mwenyewe, ulale siku tatu, na mkono mtupu huendi. Na huku kwetu msimu wa jando na unyago ukifika, mjomba ndo anayeangaliwa, wapwa wako ni mzigo wako kuliko hata wa baba yao, na wote wameshasikia mjomba kalipwa mafao. Sisemi usiwacheze wapwa zako, yani usiwapeleke jandoni na unyagoni, nani atakuelewa. Nasema iwe kwenye bajeti toka Januari kama ilivyo ada, na useme mapema utatoa nini, kabla kikao cha ukoo hakijakupangia.

Halafu nyumbani. Baba mzima unashinda sebuleni unauliza kwa nini mkaa unaisha haraka, mama ana ratiba yake ya miaka thelathini hapo ndani na hukuwemo. Hii inaleta ugomvi kuliko hela yenyewe, nawaambia tafuteni pa kwenda asubuhi hata kama hapalipi, tuisheni ya watoto wa mtaani, kamati ya msikiti, shamba.

Shamba kwa huku ni korosho, na hapo nina maneno. Kama mikorosho unayo tayari, safi, ihudumie, pulizia salfa kwa wakati, ugonjwa wa ubwiri unga usikuwahi. Lakini kuchukua mkupuo wote ukanunue shamba jipya ukiwa na miaka 60 siafiki, mche unataka miaka kadhaa mpaka ukulipe vizuri, na bei ya mnada huijui. Msimu wa 2018 wanunuzi walikuja na bei za chini, serikali ikaamua kununua yenyewe kwa 3,300 kilo, bei nzuri tu, ila kuna waliosubiri malipo mpaka wakachoka. Mkulima kijana anasubiri, wewe una dawa za presha za kununua.

Mimi napenda hatifungani za serikali, yani unaikopesha serikali hela kwa miaka kadhaa, unaanzia milioni moja, riba inaingia mara mbili kwa mwaka. Kuitoa kabla ya muda inawezekana ila ni mlolongo, na mi naona hapo ndo uzuri wake, shemeji akija kukopa unamwambia hela imelala Benki Kuu. Usifunge zote lakini, acha hela ya matumizi ya miezi sita hivi mahali unapoweza kuifikia, maana ukikwama utaishia kwa wale wakopeshaji wa riba kubwa, wa kausha damu, na pensheni itakuwa yao.

Kwa ambaye bado yupo kazini, ana 57 au 58, fanya hivi: kokotoa pensheni yako sasa, halafu ishi kwa hiyo tu kuanzia mwezi ujao, inayobaki iwekwe pembeni au imalize mkopo. Mwezi wa kwanza mtagombana nyumbani. Ni heri mgombane sasa hivi mshahara ukiwa bado unaingia.