Utafiti wa likizo kwenye maabara ya kemia: muda mwingi ni wa kusafisha

Kila likizo ndefu huwa nawapokea wanafunzi wa digrii ya kwanza kwenye maabara ya kemia ya ogania, na karibu wote wanakuja wakidhani kutwa nzima ni kuchanganya kemikali. Kuchanganya ni asubuhi moja tu, halafu siku mbili tatu zinazofuata zinaishia kwenye kujua ni nini kimetokea ndani ya flaski na kukitoa humo kikiwa safi. Kwangu mimi hapo ndo utafiti wenyewe ulipo, na mwanafunzi akiishika hiyo kazi vizuri likizo yake imelipa hata kama reaksheni iligoma.

Tofauti na praktiko za darasani ni kwamba kule mwalimu anajua jibu kabla hamjavaa makoti. Huku hakuna anayelijua, mimi mwenyewe silijui, kwa hiyo inabidi uiulize flaski.

Swali la kwanza unaliuliza kwa TLC, ile kromatografia (njia ya kutenganisha vitu vilivyochanganyika) ya kwenye bamba dogo lililopakwa silika. Unadondoshea nukta tatu karibu na ukingo wa chini wa bamba: malighafi uliyoanzia, reaksheni yenyewe, na katikati yao nukta yenye vyote viwili juu ya kimoja. Wanafunzi wengi wanataka kuiruka hiyo ya katikati, jamani msiiruke, manake doa la malighafi na doa la kitu kipya yanaweza kupanda karibu sawasawa na ni hiyo nukta ya pamoja inayokuonyesha kama ni doa moja au mawili yamebanana. Halafu unalisimamisha bamba kwenye kiyeyushi kidogo, nacho kinapanda kikizibeba nukta. Silika usoni imejaa vikundi vya OH, kwa hiyo molekuli zenye polariti kubwa (chaji yake haijagawanyika sawa) zinang'ang'ania chini na zile zenye polariti ndogo zinapanda haraka na kiyeyushi. Ukimaliza unaweka bamba chini ya taa ya UV ya nanomita 254, bamba lote linang'aa kijani na molekuli zenye pete za aromatiki, kama ile ya benzini, zinatokea kama madoa meusi. Zisizoonekana hapo unajaribu kuzichovya kwenye pamanganeti ya potasiamu, zile zinazooksidika zinaacha doa la njano au kahawia kwenye zambarau.

Chimbuko la haya yote ni Mikhail Tsvet, mtaalamu wa mimea Mrusi, aliyekuwa akitenganisha rangi za majani kwa kuzipitisha kwenye chokaa mwanzoni mwa miaka ya 1900. Kolamu tunayotumia leo kutenganisha mchanganyiko wote, yaani bomba la kioo lililojazwa silika ambalo kiyeyushi kinasukumwa ndani yake kwa presha ya hewa, ilielezwa na W. Clark Still na wenzake mwaka 1978, na ushauri wao bado tunaufuata: chagua mchanganyiko wa kiyeyushi, mfano heksani na ethili asetati, unaofanya doa lako lipande kama 0.35 ya umbali uliopanda kiyeyushi. Likipanda juu sana vitu vitatoka vimechanganyikana, likibaki chini sana utakesha.

Baada ya kolamu unakausha, unapima uzito, unapeleka sampuli kwenye NMR, mashine inayochora vilele vya kukuonyesha molekuli imejengwaje. Hapa nawaambia mapema kabisa, ukipiga hesabu ya mavuno (ulichopata dhidi ya kiasi cha juu kinachowezekana) ukapata zaidi ya 100%, kuna kitu kingine kimebaki humo, na mara nyingi ni kiyeyushi chako chenyewe. Ethili asetati kwenye klorofomu yenye deuteri (hidrojeni nzito), tunayoyeyushia sampuli, inaonekana karibu na 4.12, 2.05 na 1.26 ppm, kipimo cha mahali kilele kilipo, na klorofomu yenyewe inaacha kilele pale 7.26. Vizoee hivyo vilele mpaka uvitambue kwa jicho, vinginevyo utakaa jioni nzima unatafuta maana ya kilele ambacho siyo cha molekuli yako kabisa.

Daftari linaandikwa papo hapo, siyo usiku ukiwa unaenda kulala. Andika uzito halisi uliosoma kwenye mizani, siyo ule uliopanga, andika rangi ilibadilika saa ngapi, chora bamba la TLC na madoa yake yote hata yale usiyoyaelewa. Reaksheni iliyogoma nayo iandike kwa ukamilifu uleule, maana inatuokolea muda.

Wiki ya mwisho msianze reaksheni mpya, ninakataa kila mwaka na kila mwaka naombwa. Tumieni hizo siku kuweka lebo kwenye kila kichupa: namba ya ukurasa wa daftari, muundo wa molekuli, uzito, tarehe. Kichupa kisicho na lebo tunalazimika kukitupa kama taka ya kemikali, hata kama ndani yake kuna kazi ya likizo nzima.