Kulitaja Bure Jina la Mungu: Zaidi ya Neno la Mshangao

Waamini wengi wanapotafiti dhamiri kabla ya Kitubio, yaani sakramenti ya kuungama dhambi, wakifika Amri ya Pili, “Usilitaje bure jina la Mungu wako,” hukumbuka jambo moja tu: zile mara waliposhtuka wakasema “Mungu wangu!” Wakishalihesabu hilo, wanahamia amri inayofuata. Sisi tunaofundisha katekesi hufurahi kuona dhamiri iliyo macho, lakini jambo hili hutusikitisha pia, kwa sababu makosa mazito zaidi ya amri hii hubaki hayajaguswa.

Tuanze na hilo la mshangao. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, kitabu cha mafundisho ya imani kilichotangazwa na Papa Yohane Paulo II mwaka 1992, inafundisha kwamba amri hii inakataza kila matumizi yasiyofaa ya jina la Mungu, la Yesu Kristo, la Bikira Maria na la watakatifu wote (namba 2146). Anayeita “Mungu wangu!” kwa sababu amepatwa na hofu na anataka msaada, huyo anasali. Anayelitamka bila kufikiri, kila habari inapomshangaza, anakosa heshima. Kwa kawaida hiyo ni dhambi ndogo, kwani dhambi ya mauti, yaani dhambi nzito, hudai jambo zito, ufahamu kamili na ridhaa kamili. Tabia hiyo irekebishwe, ila isimnyime mtu usingizi.

Kiapo ni jambo jingine kabisa. Anayeapa anamwita Mungu awe shahidi wa maneno yake. Basi mtu akisema “Haki ya Mungu, deni nimelipa,” naye anajua hajalipa, amemwita aliye Ukweli wenyewe asimame upande wa uongo. Hilo ni kosa kubwa, hata kama fedha zenyewe ni kidogo. Vivyo hivyo anayeahidi kwa kiapo huku moyoni hana nia ya kutimiza.

Wapo wanaouliza: mbona Yesu alisema tusiape kabisa (Mt 5:34), nasi tunaapa mahakamani? Kanisa, likifuata mfano wa Mtume Paulo aliyemwita Mungu kuwa shahidi wake (2 Kor 1:23, Gal 1:20), limeyaelewa maneno ya Bwana kuwa hayazuii kiapo chenye sababu nzito na ya haki. Kanuni ya 1199 ya Sheria ya Kanisa inadai kiapo kitolewe kwa ukweli, kwa busara na kwa haki. Kuapa ili kushinda ubishi wa kawaida hakutimizi masharti hayo, hata kama unachosema ni kweli. Na kiapo kinachodaiwa kwa lengo la kudhalilisha utu wa watu au kuvunja umoja wa Kanisa, Mkristo lazima akikatae.

Ahadi iliyotolewa kwa jina la Mungu nayo inafunga, maana umeweka heshima yake Mungu kuwa dhamana. Nadhiri inafunga zaidi, kwa kuwa anayeahidiwa ni Mungu mwenyewe. Aliyeweka nadhiri kisha akashindwa kuitimiza asiipuuze kimyakimya. Aende kwa paroko wake amweleze, kwani Kanisa lina mamlaka ya kumwondolea mzigo huo kwa sababu ya haki.

Kufuru ndiyo inayoipinga amri hii moja kwa moja: kumtamkia Mungu maneno ya chuki, lawama au dharau, kwa sauti au moyoni tu. Kwa asili yake ni dhambi nzito. Lakini someni namba 2148 ya Katekisimu hadi mwisho. Hapo Katekisimu inahesabu kuwa kufuru pia kulitumia jina la Mungu ili kuficha uhalifu, kuwatia watu utumwani, kuwatesa au kuwaua. Mtu anaweza asiwahi kutukana maishani mwake, akasali kwa lugha safi kabisa, na bado akakufuru kwa njia hiyo. Kulitumia jina hilo kama dawa ya kichawi nako kumekatazwa.

Aliyeapa uongo hadi mwenzake akapoteza mali au sifa njema, maondoleo katika Kitubio yanafuta dhambi yake, lakini hasara ya mwenzake inabaki. Ni wajibu wake kuirekebisha kadiri awezavyo: arudishe mali, na aende kusema ukweli kwa wale waliousikia ule uongo.