Antena ndogo kiumeme na mipaka yake

Antena huitwa ndogo kiumeme ikiwa fupi mno kulingana na urefu wa wimbi inalorusha au kupokea. Udogo wake machoni si hoja. Waya wa sentimita 3 unafanya kazi vizuri kwenye gigahezi 2.4, kwa kuwa wimbi la hapo lina sentimita 12.5 tu. Shuka hadi megahezi 10, wimbi linakuwa mita 30, na waya wa mita nzima unahesabika kuwa mdogo.

Kipimo chenyewe ni hiki: fikiria tufe dogo kabisa linaloweza kuifunika antena yote. Zidisha nusu kipenyo chake kwa 2π, kisha gawanya kwa urefu wa wimbi. Jibu huandikwa ka, na likiwa chini ya 0.5, antena ni ndogo.

Tatizo ni kwamba sehemu kubwa ya nishati iliyo karibu na antena hiyo haiendi popote. Hubaki ikienda na kurudi baina ya antena na uga unaoizunguka. Kiasi hicho kikilinganishwa na nishati inayotoka, tunapata Q. Q ikiwa kubwa, upana wa masafa (frikwensi) ambamo antena inafanya kazi vizuri huwa mdogo. Mhandisi Harold Wheeler alieleza mipaka hii mwaka 1947, na mhandisi mwingine, L. J. Chu, akafuatia na hesabu zake mwaka 1948. Kwa fomula inayotumika leo, antena isiyopoteza nishati haiwezi kuwa na Q chini ya 1/(ka)³ + 1/(ka), yaani kikomo cha Chu. Ka ikiwa 0.5, Q ni 10. Ikiwa 0.1, Q ni 1010! Kwenye megahezi 10, antena hiyo ya pili inabakiwa na upana wa masafa wa takriban kilohezi 10 tu.

Ufanisi nao huumia. Dipoli (antena ya waya mbili zilizonyooka, zinazolishwa katikati) yenye urefu wa 1/20 ya wimbi ina ukinzani wa mnururisho, yaani ukinzani unaowakilisha nguvu inayorushwa, wa karibu omu 0.5. Koili na waya vikiwa na omu 1 ya upotevu, theluthi mbili za nguvu zinaishia kuwa joto.

Upotevu huohuo hupanua masafa, na hapo ndipo wanunuzi wengi hudanganyika. Ukiambiwa antena ni ndogo sana na masafa yake ni mapana, uliza kwanza ufanisi. SWR (kipimo cha nguvu inayorudishwa na antena kwenye kebo) nzuri haithibitishi kitu, maana hata rezista tupu ya omu 50 huonyesha SWR nzuri bila kurusha chochote cha maana.

Kuukaribia mpaka kunawezekana: waya uliozungushwa juu ya uso wa tufe zima hufikia Q ya takriban mara 1.5 ya kikomo cha Chu. Hakikisha tu kwamba tufe unalohesabia ni la kweli. Katika simu, ubao wa saketi nao hurusha mawimbi, kwa hiyo tufe lazima liufunike pia.