Kuloweka majani si kuyasafisha

Wengi huamini kwamba sampuli ya majani ikilowekwa kwa muda mrefu kabla ya kupelekwa maabara, vipimo vya madini hutoka sahihi zaidi. Sivyo. Potasiamu, mojawapo ya madini hayo, haijafungwa imara ndani ya jani; ipo kama ayoni (chembe zenye chaji ya umeme) zilizoyeyuka katika maji ya seli, hivyo huvuja kirahisi. Ukiliacha jani kwenye beseni, utapimiwa upungufu ambao mmea haukuwa nao. Jani lililokwisha kukauka huvuja zaidi, kwa hiyo osha likiwa bichi.

Kutoosha kabisa nako kuna hasara, hasa ukitafuta chuma au alumini: vumbi la udongo lina vyote viwili kwa wingi. Suuza haraka, kwa sekunde chache, kwa maji yasiyo na madini, kisha kausha kwenye nyuzi 60 hadi 70 za Selsiasi.

Halafu kuna kinu cha kusagia majani yaliyokauka, ambacho husahaulika mno. Kinu cha chuma cha pua kinaweza kuacha chembe za chuma na kromiamu kwenye unga, na hapo uoshaji wako wote hausaidii kitu.