Supori ya pine ya akiba ku kamio za zamani: yenye watu wanaamini na ukweli wake

Pine ya akiba haiangukake juu ni nzito, inaanguka juu inacheza. Karibu maneno yote ya uongo yenye nasikiaka mu garaji za Bukavu, Kadutu mpaka Panzi, yanatoka pale: watu wanatafuta chuma nene, kamba nene, sudure nene, lakini hakuna anayeuliza kama ile pine imebanwa ama imening'inia tu.

"Ifunge na mpira ya shambreri, haiendi popote"

Mpira ya shambreri ni nzuri kwa godoro na kwa bidoni, pale sina neno. Lakini pine ya kamio ya saizi 10.00R20 pamoja na janti yake iko karibu kilo 100, na mpira kazi yake ni kuvutika, kwa hiyo kila shimo pine inashuka kidogo kisha inarudi, na ule mrudisho njo unapiga supori. Gari ikirushwa na nguvu ya mara tatu ya uzito, ile kilo 100 inavuta sawa kilo 300, sasa fikiria kuteremka Ngomo kwenda Kamanyola na mashimo yote ile, ama njia ya Kalehe na Nyabibwe wakati wa mvua. Na ikichomoka haibaki pale ilianguka, inabingirika na mteremko kuelekea bamotari, kuelekea bamama wenye mizigo mgongoni, watoto wanaotoka masomo. Ndiyo maana naongea na moto juu ya hii kitu.

Inavyotakiwa: janti ikae bapa juu ya chuma ya supori, ikazwe na bulo mbili kwa uchache, zinazopita mu matundu ya janti yenye kuangaliana, mpaka ukishika pine kwa mikono na kuitikisa ni gari yenyewe inatikisika. Kisha shene ya pili bila kulegea, na hapa watu wengi wanakosea, ile shene izunguke shasi yenyewe, si supori, juu supori ikikatika shene inaenda pamoja nayo. Kadena ni ya wezi tu, haibebe uzito.

"Sudure iko na nguvu kuliko bulo"

Hii njo imeharibu shasi nyingi zaidi. Shasi ya kamio iko na sura ya C, kuna ubavu uliosimama na midomo miwili, ya juu na ya chini. Gari ikijipinda na mzigo, ile midomo njo inabeba mvuto mkubwa kuliko sehemu yote. Ukipiga sudure pale, moto unabadilisha chuma pembeni ya mstari, na ufa unaanza pale pale kwenye ukingo wa sudure, si katikati yake, ndiyo maana unaweza kuona sudure nzuri sana, imeshika kabisa, na shasi imepasuka kando yake. Fundi anasema "kazi yangu haikukatika" na ni kweli, iliyokatika ni gari.

Kwa hiyo funga na bulo, na zipite ku ubavu uliosimama. Tafuta kwanza matundu yenye kiwanda kiliacha, kamio za zamani za Mercedes, Isuzu, Fuso ziko nayo mingi. Ukikosa, toboa na meshi ya perseze, mbali na midomo, lakini usitoboe na shalumo tafadhali, shalumo inaacha tundu yenye meno na chuma iliyoungua, na kila jino ni mwanzo wa ufa.

Kama unapiga sudure ku supori yenyewe, ifanyie chini, mbali na gari. Ikilazimika kwenye gari, chomoa batri, ata gari isiyo na kompyuta iko na diode mu altanateri na zinaungua, na masi (kamba ya mashine ya sudure yenye kurudisha kurani) uiweke karibu kabisa na pale unachoma, la sivyo kurani inapita mu rulma. Na pine itoke kabisa! Si kutoa upepo tu. Ukipasha janti moto wakati pine iko juu yake, mpira ndani unaanza kutoa gesi na inaweza kulipuka, ata kama hewa ilishatolewa. Watu wamekufa na hii, mu nchi nyingi.

"Tia rondele ya resori, haitafunguka tena"

Mu 1969 injinia moja Mjerumani, Gerhard Junker, alionyesha kwamba bulo inajifungua zaidi wakati vitu viwili vyenye imekaza vinatelezeana kwa upande, na tangu pale vipimo vya namna yake vimeonyesha mara nyingi kwamba ile rondele yenye kukatika haizuii sana. Kinachozuia ni kukaza vya kutosha mpaka vitu visiteleze. Bulo ya milimita 16 yenye alama ya nguvu 8.8 kichwani inataka karibu niutoni-mita 200, ni sawa na kutia bomba ya mita moja ku kle na kusukuma nguvu ya kilo 20 hivi pale mwisho. Ukitia ekru mbili, nyembamba inatangulia, nene inakuja juu yake, wengi wanafanya kinyume. Ekru yenye plastiki ndani iko sawa pia, ila si karibu na eshapema. Na rudi ukaze tena baada ya kilomita 50 mpaka 100.

Hapo hapo, "bulo ni bulo" si kweli. Angalia kichwa: 8.8 maana yake chuma inakatika ku megapaskali 800, zile zenye 4.6 ni nusu yake, na ile tiji ndefu ya filete yenye wanakukatia mu kenkayeri mara nyingi haina alama yoyote. Bila alama, usiitundikie pine.

"Chini ya gari iko salama, hakuna haja ya kuiangalia"

Ile supori ya kable na manivela, kama ya Hilux, matope yanajaa ndani na kable inaoza nyuzi moja moja bila wewe kuona. Ishushe mara moja kwa mwezi, osha, paka grisi. Ukipandisha, zungusha mpaka pine ibanwe ku shasi, kable peke yake isiachiwe kuibeba ikining'inia.

"Pine haijatembea, basi ni mupya"

Mpira unazeeka ata umelala. Soma tarakimu nne za mwisho za ile alama ya DOT, yenye kuonyesha pine ilitengenezwa lini, ubavuni mwake: 2319 ni wiki ya 23 ya 2019, na ukikuta tatu tu, ile pine ni ya kabla ya 2000, iondoe. Michelin wanashauri kutoa pine ikifika miaka 10, na ya akiba inahesabiwa pia. Hewa nayo inapungua polepole, kwa hiyo wakati wa kuipandisha geuza valvu upande mkono unafika, uweze kupima na kuongeza bila kufungua bulo hata moja.