Kabla ya Kulipia Makala, Anzia Maktaba

Katika kazi yangu ya ukutubi, swali ninaloulizwa mara nyingi huja kwa sura ya malalamiko: makala nimeiona, ikisiri nimeisoma, lakini nikibofya ili nipate matini kamili ninadaiwa malipo. Inaniuma kusikia kwamba mtu ametoa fedha zake mwenyewe, kwa sababu mara nyingi makala hiyo maktaba ilikwisha kuilipia, na kilichokosekana ni namna ya kumjulisha mchapishaji kwamba msomaji huyo ni wa chuo.

Tovuti nyingi za wachapishaji humtambua msomaji kwa anwani ya IP, yaani namba inayoutambulisha mtandao anaoutumia. Ukiwa chuoni, anwani hiyo imesajiliwa, kwa hiyo makala hufunguka bila wewe kujua kwamba umekaguliwa. Ukiwa nyumbani, unahesabiwa kuwa mgeni. Ndiyo maana maktaba nyingi huweka seva ya proksi. Ukianzia kwenye ukurasa wa maktaba na kuingiza nywila ya chuo, maombi yako hupitia seva hiyo na kumfikia mchapishaji yakiwa na anwani ya chuo. Tazama anwani iliyo juu ya kivinjari: mara nyingi jina la tovuti ya mchapishaji huwa limeunganishwa na jina la seva ya chuo, na hapo ujue umeingia ipasavyo.

Kosa jingine ni kuandika kichwa cha makala katika katalogi, kisha kukata tamaa kisipoonekana. Kwa desturi katalogi huorodhesha majarida, si kila makala iliyomo. Tafuta jina la jarida, kisha uangalie miaka ambayo maktaba inaifikia, kwani baadhi ya mikataba huzuia matoleo ya miezi 12 ya karibuni.

Njia ninayoiamini zaidi ni DOI, kitambulisho cha kudumu cha makala kinachoanza na 10 na nukta, ambacho hubaki kilekile hata jarida likihamia kwa mchapishaji mwingine. Mwanafunzi mmoja wa uzamili aliniletea DOI iliyokataa kufunguka siku nzima. Tulipoikagua herufi kwa herufi, tuligundua kwamba alikuwa ameinakili pamoja na nukta ya mwisho wa sentensi. Tulipoiondoa, makala ikafunguka papo hapo.

Wanaotumia Google Scholar, huduma ya Google ya kutafuta makala za kitaaluma, wafungue mipangilio, waende kwenye viungo vya maktaba, na wachague chuo chao. Ikiwa maktaba imejiunga na huduma hiyo, kiungo chake kitatokea kando ya makala inazozifikia.

Makala ikikosekana kabisa, bofya orodha ya matoleo yote ya makala hiyo katika Google Scholar, kwa maana huenda mwandishi ameweka mswada uliokubaliwa katika hifadhi ya kidijitali ya chuo chake. Maudhui yake huwa yamekwisha kupitiwa na wataalamu, ila namba za kurasa hutofautiana na za jarida, jambo la kuzingatia unaponukuu. Kwa tiba na biolojia, PubMed Central, hifadhi ya mtandaoni iliyoanzishwa mwaka 2000, hutoa matini kamili bila malipo.

Hatua inayobaki ni kuomba nakala kutoka maktaba nyingine kupitia maktaba yako. Andika DOI, jina la jarida, juzuu, toleo na kurasa. Ombi lenye kichwa cha makala peke yake hukaa mezani kwangu mpaka nivitafute vyote hivyo mwenyewe, na muda huo unakatwa katika wako wa kusoma.