Mizani ya nguvu, na ugomvi wa China na Japani

Mizani ya nguvu ni hali ya mataifa kukaribiana kwa jeshi, uchumi na washirika, kiasi kwamba hakuna linaloweza kuliburuza jingine. Mizani hiyo ikianza kuegemea upande mmoja, magomvi yaliyolala huamka.

Chukua visiwa vilivyoko Bahari ya China Mashariki, ambavyo Wajapani huviita Senkaku na Wachina Diaoyu. Havina mkazi hata mmoja, na vyote pamoja ni kama kilomita 7 za mraba. Japani ilivitwaa mwaka 1895. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia vikawa mikononi mwa Marekani hadi 1972. Deng Xiaoping, kiongozi wa China, alipozuru Tokyo mwaka 1978, alisema suala la nani anavimiliki liachiwe kizazi kijacho.

Wengi husema chanzo cha uhasama ni kumbukumbu ya vita. Kumbukumbu ipo, na ni chungu: mauaji yaliyofanywa na jeshi la Japani mjini Nanjing, China, mwaka 1937 hayasahauliki. Lakini Deng mwenyewe alipigana na Wajapani, na ndiye aliyeahirisha ugomvi. China ya wakati ule ilihitaji mitaji na teknolojia ya jirani yake.

Mwaka 2010 uchumi wa China uliupita wa Japani. Mwaka huohuo boti ya uvuvi ya China iligongana na meli za walinzi wa pwani wa Japani karibu na visiwa hivyo, nahodha akakamatwa, kisha akaachiwa huku shehena za madini adimu, yanayohitajika na viwanda vya elektroniki vya Japani, zikikwama China. Serikali ya Japani ilipovinunua visiwa vitatu kutoka kwa mmiliki binafsi mwaka 2012, maandamano yalizuka katika miji ya China. Tangu hapo meli za China huzunguka eneo hilo karibu kila siku. Mara nyingine huingia ndani ya maili 12 za baharini kutoka visiwani, eneo ambalo Japani hulihesabu kuwa bahari yake, zikaifuata boti ya mvuvi wa Kijapani, na meli za Japani zikajipenyeza katikati. Hakuna risasi, ila kila safari ni dai la umiliki.

Japani nayo inajazia upande wake. Inategemea mkataba wa ulinzi na Marekani wa 1960, na mwaka 2022 iliamua kupandisha matumizi ya ulinzi hadi asilimia 2 ya pato la taifa ifikapo 2027. Novemba 2025 Waziri Mkuu Sanae Takaichi alisema shambulio dhidi ya Taiwan, kisiwa ambacho China hudai ni chake, laweza kuhatarisha uhai wa Japani, na Beijing ikawashauri raia wake wasisafiri kwenda Japani. Kutoka Taiwan hadi Yonaguni, kisiwa cha Japani chenye wakazi, ni kama kilomita 110 tu.